Nyuma ya simba yupo nguruwe

Simba akimuua mtu Rufiji au Lindi, habari hufika Dar es Salaam siku hiyo hiyo. Nguruwe pori akimaliza nusu ekari ya mahindi usiku mmoja, habari haivuki kitongoji. Ndiyo maana sisi tunaosoma habari mjini tunadhani adui wa watu wa kule ni simba. Kaa nao barazani, waache wazungumze bila kuwauliza swali, utasikia nguruwe, ngedere, nyani, kiboko, halafu tena nguruwe. Simba huja mwishoni, na jua likishazama huenda asitajwe kabisa.

Nami nitaanza na huyo nguruwe. Ukimruka, mgogoro wa watu na wanyamapori unageuka kisa cha mnyama mkali na mtu mwenye bahati mbaya, na ukishakiona hivyo hutapata cha kufanya ila kuita askari waje na bunduki.

Kwanza tusimchanganye na ngiri. Ngiri ni yule mwenye meno yaliyojipinda nje, anayekimbia mchana kweupe mkia umesimama kama mlingoti, na usiku hulala shimoni. Nguruwe pori ana manyoya marefu mgongoni, mchana hujichimbia kichakani, usiku hutoka na kundi lake. Hahitaji hifadhi ya taifa. Shamba lililoachwa likaota magugu miaka mitatu linamtosha kabisa kuwa nyumba. Mbegu ulizopanda jana anazifukua leo. Mahindi yakibeba, anaangusha bua zima apate hindi moja, analitafuna nusu, anahamia bua la pili. Muhogo anauchimba kwa pua kama mtu mwenye jembe.

Pwani na kusini, ambako wengi ni Waislamu, nyama yake hailiwi. Anayemwinda anamwinda kwa hasira tu, na hasira haimtoi mtu nyumbani kila usiku kama hamu ya kitoweo inavyomtoa. Kwa hiyo nguruwe anazaa, anakula, anazaa.

Wala si jambo la jana. Serikali ya Wajerumani ilitunga sheria zake za kwanza za uwindaji na kutenga mapori ya akiba mwaka 1896, mojawapo likiwa huko huko Rufiji. Uwindaji wa wenyeji ukabanwa, wanaume wakachukuliwa kwenda kufanya kazi mbali, mashamba yakabaki na wanawake na watoto. Baadhi ya wanahistoria wanaona kwamba nguruwe waliokuwa wakimaliza mazao ya Wazaramo bila mtu wa kuwafukuza ni sehemu ya machungu yaliyozaa Majimaji mwaka 1905. Sisi shuleni tulifundishwa pamba, kodi na viboko. Nguruwe hakuingia kwenye mtihani.

Dungu

Mtu anajilindaje na mnyama anayekuja usiku, kila usiku, miezi mitatu mfululizo? Kwa kulala shambani.

Dungu ni kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, urefu wa mtu au zaidi. Unapanda kwa ngazi ya fito. Sakafu nayo ni fito, zimefungwa kwa kamba, ukijigeuza usingizini zinalia. Paa ni makuti au nyasi. Ukuta mara nyingi hakuna, au upo upande mmoja tu wa kukinga upepo. Chini unawashwa moto ambao lazima mtu aamke kuuchochea, na pembeni linaning'inia debe bovu la kupiga. Kazi yenyewe inaitwa kuamia. Kamusi itakwambia kuamia ni kufukuza ndege na wanyama wasile mazao, na ni kweli, ila kamusi haikutaji mbu, baridi ya alfajiri, wala mtoto wa darasa la nne aliyelala dungu na bibi yake na asubuhi anasinzia darasani.

Kwa nini wasilale nyumbani wakatoka pale wanaposikia kishindo? Kwa sababu nyumba iko mbali na shamba, na umbali huo una historia yake. Zamani Warufiji wengi waliishi bondeni kwenyewe, karibu na mto, wakilima mpunga wa mafuriko na mahindi ya mlau yanayopandwa maji yakishapungua. Mwaka 1968 mto ulifurika vibaya. Mwaka uliofuata serikali ikaanzisha Operesheni Rufiji, miongoni mwa operesheni za mwanzo kabisa za kuwakusanya watu vijijini, na watu wakahamishiwa kwenye miinuko. Shule, zahanati na barabara vikawafuata huko juu. Udongo wenye rutuba ukabaki chini ulikokuwa. Tangu hapo maisha ya wengi yamegawanyika: nyumba mlimani, chakula bondeni, na katikati kuna safari na dungu.

Sasa mlete simba.

Katika maeneo yaliyokaliwa na watu, wanyama ambao simba angewala kwa kawaida, pundamilia, kongoni, swala, wamepungua sana au wametoweka. Aliyebaki kwa wingi ni nguruwe pori, kwa kuwa yeye ananawiri kwenye vichaka na mashamba ya watu. Simba mwenye njaa anamfuata nguruwe, na nguruwe anayafuata mahindi. Mwisho wa njia hiyo kuna kibanda kisicho na ukuta, na ndani yake mtu amelala.

Mnyororo huu haukubuniwa barazani. Mwaka 2005 kundi la watafiti lililoongozwa na Craig Packer, wakiwamo Watanzania Dennis Ikanda na Bernard Kissui, lilichapisha hesabu ya mashambulizi ya simba nchini tangu 1990: watu zaidi ya 563 waliuawa na zaidi ya 308 kujeruhiwa. Mashambulizi mengi yalitokea kusini-mashariki, yakipanda msimu wa mavuno, kati ya Machi na Mei. Walipolinganisha wilaya na wilaya, palipokuwa na nguruwe pori wengi na wanyama wengine wachache ndipo watu walipoliwa zaidi.

Katika miaka hiyo hiyo kulikuwa na simba mmoja Rufiji ambaye wenyeji walimbandika jina la Osama. Kwa takriban miezi 20, kuanzia 2002 hadi alipouawa Aprili 2004, watu wapatao 35 walipoteza maisha. Alipochunguzwa alikutwa na jipu kubwa kwenye gego. Magazeti yalilipenda sana lile jino: simba mgonjwa, maumivu, hawezi kuwinda mnyama mgumu, basi anamla binadamu. Huenda jino lilichangia. Lakini jino halielezi kwa nini mashambulizi yalitapakaa wilaya baada ya wilaya kwa miaka 15. Simba wote hao hawakuwa na majipu.

Watafiti haohao walirudi baadaye na jambo jingine ambalo mzee yeyote wa pwani angeweza kulithibitisha kwa vidole. Hatari haiko sawa mwezi mzima. Usiku wa mwezi kumi na nne, mbalamwezi inapowaka tangu magharibi, simba anapata shida kuwinda kwa kuvizia, na njaa inamkaa. Usiku unaofuata mwezi unachelewa kutoka kwa takriban dakika 50, unaofuata unachelewa tena, na hivyo hivyo. Pengo la giza linafunguka kati ya magharibi na kuchomoza kwa mwezi, saa zile ambazo watu bado wako njiani, wako uani wanaosha vyombo, wanakwenda chooni nje. Kuanzia mwezi kumi na sita na kuendelea simba ana njaa na watu bado wako nje gizani. Hilo mtu anaweza kulitumia leo bila kusubiri mradi.

Kuna kikwazo kimoja ambacho wataalamu wengi hupita juu juu kwa kuogopa kuonekana wanadharau watu. Kusini, simba anayeua watu mara nyingi huaminiwa kuwa si simba wa porini, ni simba wa kutumwa, mtu kamtuma au mtu kajigeuza. Sitaki kubishana na imani ya mtu. Ninachosema ni kwamba siku kijiji kinapoamua simba katumwa, macho yote yanahama kutoka porini kwenda kwa jirani. Mzee mwenye macho mekundu anaanza kuogopwa, ugomvi wa zamani wa mashamba unafufuka, na ushirikiano wa kufyeka vichaka, kujenga madungu karibu karibu au kutembea kwa makundi unavunjika wakati ule unapohitajika.

Tembo wamerudi, na kila mtu alishangilia isipokuwa mwenye shamba

Mwaka 2009 Tanzania ilikuwa na tembo wapatao 109,000. Sensa ya 2014 ikawakuta kama 43,000. Selous peke yake, ambayo katikati ya miaka ya 1970 ilikadiriwa kuwa na zaidi ya 100,000, ilibakiwa na 13,000 hivi mwaka 2013. Ujangili ulitisha. Kisha nchi ikakaza mkono, na sasa serikali inataja idadi ya tembo 60,000 hivi. Hayo ni mafanikio ya kweli na waliofanya kazi hiyo wanastahili heshima.

Ila fikiria kijana wa Liwale, Nachingwea au Tunduru aliyekua katika miaka ambayo tembo walikuwa wakichinjwa. Amelima tangu utotoni bila kuona unyayo wa tembo kwenye korosho zake. Halafu wanatokea. Kwake yeye tembo hawajarudi, wamevamia. Na kwa tembo jike mzee anayeongoza kundi, ile ni njia ya mama yake.

Nani mgeni hapo? Swali hili huzungumzwa kana kwamba lina jibu moja. Miaka ya 1940 serikali ya Waingereza iliwahamisha maelfu ya watu kutoka vijiji vya Liwale, sababu iliyotolewa ikiwa ni malale, na ardhi yao ikaingizwa ndani ya Selous. Kuna makaburi ya mababu mle ndani. Kabla ya hapo, mwanzoni mwa miaka ya 1890, sotoka iliua ng'ombe na nyati kote Afrika Mashariki, malisho yakageuka vichaka, mbung'o wakaenea, watu wakahama. Sehemu ya kile ambacho wageni walikiona kuwa pori asilia lisilowahi kuguswa ilikuwa mashamba na malisho ya juzi yaliyokimbiwa.

Na hesabu ya watu nayo haiongopi. Sensa ya 1967 ilihesabu Watanzania milioni 12.3. Ya 2022 ilihesabu milioni 61.7. Karibu theluthi moja ya nchi imetengwa kwa namna moja au nyingine kwa ajili ya hifadhi. Shoroba ambazo wanyama walipita kutoka hifadhi moja hadi nyingine, kama Kwakuchinja kati ya Tarangire na Manyara, zimebaki vichochoro kati ya mashamba, nyumba na barabara ya lami.

Tembo mwenyewe si mwizi wa bahati nasibu. Dume mzima anaweza kula kilo 150 za majani kwa siku, na porini hiyo ni kazi ya saa nyingi. Shamba la mahindi yaliyokomaa linampa chakula kizito kwa saa mbili. Wanaovamia zaidi ni madume. Majike wenye ndama huogopa hatari. Wanakuja usiku, na wanajifunza. Debe la kwanza linawakimbiza. La kumi linawafanya wasimame wasikilize. Baada ya wiki tatu wanajua debe ni debe.

Kwa nini inaitwa kifuta jasho

Hapa ndipo maneno yanapofanya kazi kubwa kuliko fedha. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009 na kanuni zake za 2011 hazikutumia neno fidia. Zinaleta kifuta machozi kwa kifo au jeraha, na kifuta jasho kwa mazao na mifugo. Fidia ingekuwa na maana kwamba kuna mdaiwa, anayelipa thamani kamili ya kilichopotea. Kifuta jasho ni mkono wa pole. Hakuna anayekwenda mahakamani kudai mkono wa pole uongezwe.

Kanuni zile za 2011 ziliweka shilingi milioni moja kwa kifo, 500,000 kwa ulemavu wa kudumu, 200,000 kwa jeraha la muda. Mazao yalipangiwa kati ya 25,000 na 100,000 kwa ekari, mwisho ekari tano. Kiwango kinategemea umbali wa shamba kutoka mpaka wa hifadhi: ukiwa mbali zaidi ya kilomita tano unapata kile cha juu, ukisogea kinapungua, na ukiwa ndani ya mita 500 hupati kitu. Kila msomaji anajua bei ya gunia la mahindi sokoni kwake, kwa hiyo hesabu ya ekari moja namwachia.

Mita 500 hizo zina mantiki yake: usilime mlangoni kwa tembo halafu uje kudai. Ila zinawakuta pia watu ambao mpaka uliwasogelea wao. Hao ndio wanaoamka usiku mara nyingi zaidi kuliko wote, na ndio sifuri.

Tazama pia nani anayehesabika kuwa mnyama hatari. Tembo yumo. Simba, chui, nyati, kiboko na mamba wamo. Nguruwe pori, ngedere na nyani hawamo. Mnyama anayekula zaidi kidogo kidogo, anayemlaza mtu nje miezi mitatu, anayemleta simba hadi chini ya dungu, kwenye kanuni hana jina.

Watetezi wa utaratibu huu si watu wasio na huruma. Wanasema, na wana hoja, kwamba ukilipa thamani kamili utavuta watu kwenda kulima kwenye shoroba makusudi. Kwamba hakuna bajeti itakayoweza kumlipa kila aliyeliwa mazao na nguruwe. Na kwamba mtu akilipwa hata asipolinda, ataacha kulinda. Mtazame jirani yetu. Kenya ilichukua njia nyingine. Sheria yake ya 2013 ilipandisha fidia ya kifo kutoka shilingi 200,000 za Kenya hadi milioni tano, na ulemavu wa kudumu hadi milioni tatu. Kwenye karatasi hakuna anayeifikia katika ukanda huu. Kilichofuata ni malimbikizo ya mabilioni na familia zinazosubiri miaka. Mjane wa Taita Taveta anaweza kuwa na haki ya milioni tano na asiwe na nauli ya kwenda kufuatilia faili.

Kwa hiyo mmoja kaahidi kidogo, mwingine kaahidi kikubwa na kuchelewa. Mimi, nikilazimishwa kuchagua, ningechukua kidogo kinachofika kabla ya msimu wa kupanda ujao. Njaa ya mkulima ina kalenda, na malipo yanayofika baada ya miaka miwili hayanunui mbegu ya mwaka huu.

Nyuki, pilipili na waya

Zana zipo, na baadhi zinafurahisha. Huko Sagalla nchini Kenya, kando ya hifadhi ya Tsavo Mashariki, mtafiti Lucy King na wakulima wa pale walizungushia mashamba mizinga ya nyuki, mmoja kila baada ya mita kumi, yote ikiunganishwa kwa waya. Tembo akisukuma waya, mizinga inayumba, nyuki wanatoka, na tembo na ukubwa wake wote hataki kuumwa ndani ya mkonga na kando ya macho. Takriban tembo wanne kati ya watano waliosogelea waligeuka. Mkulima anapata na asali juu yake. Ila ukame ukija, maua yanakauka, nyuki wanahama mizinga, na ukame ndio wakati ambao tembo naye anahangaika zaidi. Hapo uzio unabaki masanduku matupu yanayoning'inia.

Kaskazini mwa Tanzania, shirika la Honeyguide limewafundisha wanavijiji kwenda kwa ngazi. Kwanza tochi yenye mwanga mkali. Akikaidi, honi. Akikaidi tena, bomu la pilipili: kondomu iliyojazwa unga wa pilipili na mchanga, fataki ikiwa ndani. Inarushwa, inapasuka, wingu linasambaa, tembo anavuta pumzi mara moja na hataki ya pili. Usicheke. Kondomu zinapatikana kila duka, zinapasuka vizuri na hazilowi. Mwisho kabisa ndiyo fataki za kurusha juu. Siri ni kubadilisha, wasizoee.

Kuna ndege nyuki pia, zile droni. Aliyezipa jina hilo kwa Kiswahili hakujua alivyopatia: tembo wanazikimbia, na watafiti wengine wanahisi ni kwa sababu mlio wake unawakumbusha nyuki wenyewe.

Kwa mifugo mambo ni mepesi kidogo, maana ng'ombe unaweza kumfungia. Simanjiro wamejenga maboma ya miti hai ya jamii ya manemane, iliyopandwa karibu karibu na kufungwa wavu wa chuma, na kadiri miaka inavyopita miti inanenepa na ua unazidi kuwa imara. Kule Kitengela, Kenya, Richard Turere akiwa mtoto wa miaka 11 alifunga taa zinazowaka na kuzimika kwa zamu kuzunguka zizi la baba yake, simba wakadhani mtu anatembea na tochi. Lakini usalama huu una ncha. Mei 2023, Kajiado, huko huko Kenya, simba kumi waliuawa ndani ya muda mfupi, sita kati yao kwa siku moja, baada ya kuua mbuzi 11. Mvua zilikuwa zimerudi baada ya ukame mrefu, wanyama wa porini walikuwa wachache na waliobaki wamepata nguvu za kukimbia, simba wakageukia mazizi. Wafugaji waliokwisha kupoteza ng'ombe kwa ukame hawakuwa na uvumilivu wa ziada.

Na uzio mkubwa? Unafanya kazi. Rwanda ilimaliza uzio wa umeme wa kilomita 120 upande wa magharibi wa Akagera mwaka 2013, migogoro ikapungua sana, na 2015 wakaweza kurudisha simba. Kenya ilitumia miaka 20 kuzungushia Aberdare karibu kilomita 400. Lakini Akagera ni hifadhi ya kilomita za mraba 1,120 hivi. Hifadhi ya Nyerere, iliyomegwa kutoka Selous mwaka 2019, ina zaidi ya 30,000. Ukiizungushia waya, nani atakayeutembelea waya huo kila siku kuona ulipokatwa? Na tembo anayezuiwa hapa hafi njaa hapa, anatembea hadi waya unapoishia, kwa jirani asiye na mfadhili.

Ukizitazama zana hizi zote kwa pamoja utaona kitu ambacho ripoti za miradi hazikisemi. Karibu kila moja inahitaji mtu awe macho usiku. Tochi haijiwashi. Bomu la pilipili halijirushi. Mzinga lazima uangaliwe, waya ufyekewe magugu. Ulinzi umeboreshwa, mlinzi ni yule yule, na halipwi. Sheria inahesabu ekari iliyoliwa. Ekari iliyolindwa haina pa kuandikwa.

Turudi bondeni. Ukiukubali ule mnyororo wa nguruwe, basi dawa ya simba wa Rufiji si bunduki peke yake. Watafiti wa simba wamependekeza mitaro ya kuzuia nguruwe kuzunguka mashamba, na kujenga madungu yenye kuta. Haina picha nzuri. Hakuna waziri atakayekata utepe wa mtaro. Kuuchimba kwa mkono kuzunguka ekari mbili ni kazi ya wiki kadhaa, na masika yakija kingo zinaporomoka, unauchimba tena. Lakini mtaro unakesha wenyewe.

Chukua mama mmoja aliyeamia tangu Machi. Kapiga debe, kachochea moto, kapata malaria mara moja, na mahindi yake yamesimama yote. Jirani yake ambaye hakuweza kulala shambani kapoteza ekari nzima kwa nguruwe, naye hana cha kudai. Mtendaji akipita na daftari, kwa mama ataandika hasara hakuna, na kwa jirani ataandika mnyama asiyehusika. Kisha atawahi kuondoka kabla ya magharibi, kwa sababu leo ni mwezi kumi na sita na njia ya kurudi mlimani inapita vichakani. Mama naye anaokota kijinga cha moto jikoni, anamwita mjukuu, wanashuka.